Bei ya Mkono wa Kibarua

Ukitaka kujua bei ya mkono wa mfanyakazi wa Kenya, huna haja ya kwenda mbali. Chukua mshahara wake wa mwezi mmoja, uzidishe mara 96, kisha utoe asilimia ambayo daktari ameiandika kuwa kiwango cha ulemavu wake. Hiyo ndiyo hesabu iliyowekwa na Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007. Tuseme kijana analipwa shilingi 18,000 kwa mwezi katika kiwanda cha plastiki, na mashine imemlemaza kwa asilimia 30. Mshahara wake wa miezi 96 ni shilingi 1,728,000, na asilimia 30 ya fedha hizo ni shilingi 518,400. Kama alikuwa na umri wa miaka 25, na angalifanya kazi mpaka atimize miaka 55, basi fidia hiyo ikigawanywa kwa miezi yote ya miaka hiyo 30 inakuwa shilingi 1,440 kwa mwezi. Ni shilingi 48 kwa siku. Hazimfikishi mjini kwa matatu na kumrudisha nyumbani.

Sasa mchukue meneja wa kiwanda kile kile, anayelipwa shilingi 180,000. Akipata ulemavu ule ule, hesabu ile ile, ukiacha vikomo ambavyo sheria inamruhusu Waziri kuviweka, inampa shilingi 5,184,000. Mkono mmoja una thamani ya mikono kumi. Tena meneja haweki mkono wake ndani ya mashine.

Wako watakaoniambia kwamba hata mahakama za zamani zilitazama mshahara zilipokadiria hasara ya mtu. Ni kweli. Lakini mahakama haikuishia kwenye mshahara. Iliuliza pia habari ya maumivu, ya usingizi uliopotea, ya mama asiyeweza tena kumfunga mwanawe mgongoni. Na juu ya yote iliuliza swali ambalo sheria ya sasa imelifuta kabisa: ni nani aliyekosa? Hilo swali ndilo ninalolililia katika makala haya.

Kifungu cha 16 cha sheria hiyo kinasema, kwa ufupi, kwamba mfanyakazi aliyeumia kazini, au jamaa za aliyekufa, hawana ruhusa ya kumshtaki mwajiri ili walipwe hasara yao. Watapata kile sheria inachotoa na si zaidi. Hapo kale, chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Sura ya 236, mfanyakazi alikuwa na milango miwili. Aliweza kupitia ofisi ya kazi akalipwa fidia ndogo bila kuthibitisha kosa la mtu, au aliweza kwenda mahakamani, ndani ya miaka mitatu, akathibitisha uzembe wa mwajiri. Mlango wa pili umefungwa. Mwajiri aliyeweka kila kinga mahali pake akapatwa na bahati mbaya, na mwajiri aliyeambiwa mara tano kwamba mashine ni ya hatari akanyamaza, mbele ya kifungu cha 16 ni ndugu mapacha. Wote wawili wanadaiwa kiasi kile kile, na kwa kawaida si wao wanaolipa; ni kampuni ya bima.

Tuzitazame mashine zenyewe, maana mijadala ya namna hii huwa inapotelea katika vifungu, watu wakasahau kwamba tunazungumza juu ya nyama na mifupa. Mashine haimfuati mtu. Huumiza mahali panapojulikana: pale ukanda unapoingia kwenye gurudumu lake, pale meno ya magurudumu mawili yanapokutana, pale rola mbili zinapozunguka kuelekeana, pale shinikizo linaposhuka juu ya bati. Kila fundi anapajua. Aliyeiunda mashine alipajua pia, ndiyo maana aliweka kinga, yaani kile kifuniko cha chuma au wavu kinachozuia mkono usifike. Shinikizo lililoundwa vizuri halishuki mpaka opareta abonyeze vitufe viwili kwa mikono yote miwili, ili pasiwepo mkono uliobaki ndani. Mashine nyingine hujizima zenyewe kinga ikifunguliwa.

Basi kinga hizi hupotea vipi? Hupotea polepole, bila mtu kukaa kikao akaamua. Bidhaa imekwama ndani ya mashine. Kinga inafunguliwa ili itolewe. Kuirudisha ni kazi ya skrubu sita na dakika kumi, na zamu ina idadi ya vipande inayodaiwa. Supavaisa anasema, iacheni, mtaifunga kesho. Kesho yenyewe haifiki, na kinga inahamia stoo, juu yake kunawekwa madebe ya rangi. Kitufe cha mkono wa pili kinakandamizwa kwa kijiti, ili mkono mmoja uwe huru kuilisha mashine haraka zaidi. Mashine inasafishwa huku ikizunguka, kwa kuwa kuizima ni kupoteza muda. Katika viwanda vya mikate utamkuta mtu akikwangua unga uliogandamana huku chuma cha kukandia kikigeuka mbele ya kiwiko chake. Katika vinu vya kusaga mahindi vijijini ukanda hukimbia wazi, hatua moja kutoka kwa leso ya mama aliyeleta debe lake. Huko kwenye zizi za ng'ombe wa maziwa, mashine ya kukatia majani huyavuta majani pamoja na vidole vinavyoyasukuma. Na fundi wa jua kali anayeshika grinda isiyokuwa na kifuniko, jiwe likivunjika, hana hata nafasi ya kufumba macho.

Mwajiri atasema: mfanyakazi mwenyewe alikuwa mzembe. Mara nyingi ni kweli kwamba mfanyakazi alisahau, au alisinzia, au aliharakisha. Alikuwa katika saa yake ya kumi na moja, usiku. Lakini kinga iliwekwa kwa sababu gani kama si kwa sababu binadamu huchoka? Mtu ambaye hachoki, hasahau na hatelezi hana haja ya kinga. Sheria ya viwanda tangu zamani imejengwa juu ya ujuzi huo, kwamba ni rahisi zaidi kufunga gurudumu kuliko kufunga usingizi.

Na sheria yetu, katika upande wa wajibu, ni nzuri. Nasema hivi kwa makusudi, ili asije mtu akadhani tunalalamika kwa mazoea. Tumekuwa na sheria ya viwanda inayofanya kazi tangu mwaka 1951, enzi za mkoloni, na leo tunayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Inaagiza kwamba kila sehemu ya hatari ya mashine izungushiwe kinga madhubuti. Inaagiza kwamba mtu asiwekwe kwenye mashine kabla ya kuelezwa hatari zake na kufundishwa, au kuwa chini ya uangalizi wa anayejua. Inataka pawe na kamati ya usalama mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi. Inataka mahali pa kazi pakaguliwe kikamilifu angalau mara moja katika kila miezi 12. Inasema kwamba mfanyakazi akiripoti hatari kubwa iliyo karibu, mwajiri asimlazimishe kurudi hapo mpaka hatari iondolewe. Ni nani kati ya vibarua wa Industrial Area aliyewahi kusomewa maneno haya?

Mzizi wa wajibu huu wa kuweka kinga ni sheria ya Uingereza, na huko mahakama ziliutafsiri kwa ukali ambao mawakili wengi wa waajiri hupenda tuusahau. Mwaka 1955 bunge la malordi, likikaa kama mahakama ya mwisho, liliamua kesi ya mfanyakazi aliyeumia kidole gumba kwenye jiwe la kunolea chuma linalozunguka. Kampuni ilijitetea kwamba jiwe likifunikwa lote haliwezi tena kunoa chochote. Malordi walijibu kwamba wajibu wa kuweka kinga ni wajibu kamili. Ikiwa mashine haiwezi kutumika pamoja na kinga, hilo si udhuru. Waingereza hao hao walikuwa wamefika hapo kwa safari ndefu na ya aibu. Mwaka 1837 mahakama yao ilimnyima fidia mtumishi wa muuza nyama aliyevunjika paja baada ya gari lililopakiwa kupita kiasi kuanguka naye, na kutokana na uamuzi huo ikakua kanuni kwamba anayeumizwa na kosa la mfanyakazi mwenzake hana madai kwa bwana wake. Kanuni hiyo ilidumu kwao mpaka ilipofutwa mwaka 1948. Miaka mia na zaidi! Sisi tulirithi wajibu wa kuweka kinga, kisha mwaka 2007 tukauondolea meno.

Maana wajibu bila adhabu inayouma ni nini? Mkaguzi wa serikali ni mmoja kwa viwanda vingi, na wengine hawajawahi kumwona. Ukaguzi wa kila mwaka hufanywa na mshauri anayelipwa na mwenye kiwanda anayekaguliwa. Nawaachia wasomaji wapime uzito wa ripoti ya namna hiyo. Hapo zamani, mwenye kiwanda aliyepuuza kinga alijua kwamba siku moja ataitwa kizimbani, ataulizwa kinga iko wapi mbele ya hadhara, na kesho yake bima yake itapanda. Hofu hiyo ilifanya kazi ambayo wakaguzi hawakuweza kuifanya. Leo akipiga hesabu, dakika kumi za kurudisha skrubu kila siku zinamgharimu zaidi ya vidole vya kibarua, ambavyo bei yake inajulikana mapema na imekwisha kulipiwa katika bima.

Nafahamu jibu linalokuja, tena linakuja likicheka: mawakili mnalia kwa sababu mmenyang'anywa sahani yenu. Wacha nilijibu bila kuzunguka. Ni kweli kwamba wako wenzetu waliokuwa wakiweka mawakala kwenye malango ya hospitali. Ni kweli kwamba wako majeruhi walioshinda kesi na wakapewa masalio baada ya wakili kujihudumia kwanza, na kwamba madai ya uongo yalipenya, kidonda cha kuanguka nyumbani kikageuzwa kuwa cha kiwandani. Hayo ni machafu na Chama cha Mawakili kilipaswa kuyakomesha kwa nguvu zaidi. Lakini mwizi wa sadaka hatumkomeshi kwa kufunga kanisa. Kama wakili amemla mteja wake, afutwe katika orodha ya mawakili. Ni kwa mantiki gani tunamwadhibu aliyekatwa mkono?

Chama cha Mawakili kilikwenda mahakamani kupinga sheria hiyo, na tarehe 4 Machi 2009 Mahakama Kuu ilivitangaza vifungu kadhaa, pamoja na hicho cha 16, kuwa vinakiuka Katiba iliyokuwapo. Serikali ikakata rufaa. Tarehe 17 Novemba 2017, miaka minane na miezi minane baadaye, Mahakama ya Rufaa ikautengua uamuzi huo kwa sehemu kubwa, na tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikakubaliana nayo. Hoja kuu ilikuwa kwamba mfanyakazi hakunyimwa haki. Amepewa njia nyingine, kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, na asiporidhika anaweza kupinga, kisha akate rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Watu waliofungua kesi katika miaka hiyo ya katikati, wakiamini neno la Mahakama Kuu, walijikuta wamening'inia, hata ikambidi Jaji Mkuu atoe maelekezo mwaka 2023 kuhusu kesi zao zifanywe nini.

Naheshimu uamuzi wa mahakama ya mwisho, na sitawashauri wasomaji kuupuuza. Mahakama iliulizwa kama Bunge lina uwezo wa kuweka utaratibu wa namna hii, ikajibu kwamba linao. Haikuulizwa kama utaratibu wenyewe ni wa haki kwa mtu mwenye mkono mmoja, wala kama unafanya kazi. Maswali hayo mawili yamebaki kwetu sisi raia na kwa wabunge wetu.

Unafanya kazi? Wakati fulani alinijia mama mmoja, opareta wa shinikizo la mabati, asiye na vidole vinne vya mkono wa kulia. Sitamtaja yeye wala kiwanda. Alikuwa ameajiriwa kama kibarua wa kila siku kwa miaka mitatu mfululizo, ingawa Sheria ya Ajira haikubali ukibarua wa namna hiyo. Alipoumia, kampuni ililipa bili ya hospitali, ikampa shilingi 20,000 na kumwekea karatasi ya Kiingereza atie sahihi. Aliitia kwa mkono wa kushoto, ambao ulikuwa haujajua kuandika. Akaambiwa: mama, tulia, kampuni itakushughulikia. Akatulia. Ile fomu ya DOSH/WIBA 1, ambayo mwajiri hujaza sehemu yake na daktari sehemu yake, haikuwahi kufika kwa Mkurugenzi, ijapokuwa sheria inamtaka mwajiri kuripoti ajali ndani ya siku saba. Na madai yanatakiwa yawasilishwe ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali. Alipoketi mbele yangu zilikuwa zimebaki siku tisa. Hakuna aliyemwambia.

Tulikimbia, madai yakaingia. Mkurugenzi akakadiria fidia yake. Sheria inasema mwajiri au bima alipe ndani ya siku 90 tangu madai kuwasilishwa. Bima ikasema ada ya mwaka ule haikuwa imelipwa. Mwajiri akasema anayedaiwa ni kampuni ya zamani, na kwamba hii yenye jina jipya, katika jengo lile lile na mashine zile zile, haimjui mama huyo. Na hapa ndipo nilipokutana na shimo ambalo wasomaji wasio wanasheria hawalioni: sheria haikueleza wazi jinsi makadirio ya Mkurugenzi yanavyogeuzwa kuwa amri ya kukamata mali ya mdaiwa. Majaji wametofautiana. Wengine wamekubali kuyapokea makadirio kana kwamba ni hukumu yao, wengine wamesema hawana mamlaka hayo. Basi njia iliyosifiwa kuwa ya haraka na isiyo na mawakili inamrudisha mnyonge palepale, mbele ya mahakama, akimtafuta wakili, safari hii kwa fedha chache zaidi. Mpaka naandika haya hajalipwa. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Yeye analea watatu.

Tusidhani kwamba mapatano ya namna hii, mfanyakazi kuacha kesi ili apate fidia ya uhakika, ni kitu kibaya kila mahali. Afrika Kusini ina kizuizi kama chetu katika sheria yake ya fidia ya mwaka 1993, na Mahakama ya Katiba ya huko ilikikubali mwaka 1998. Lakini sheria hiyo iliweka kifungu kingine pembeni: mfanyakazi akithibitisha kwamba ajali ilitokana na uzembe wa mwajiri, anaweza kuongezewa fidia. Swali la nani aliyekosa lilibaki hai. Tena malipo hutoka katika mfuko wa umma, ambao waajiri huuchangia. Jirani zetu Tanzania walitunga sheria ya fidia mwaka 2008, na Mfuko wao wa Fidia kwa Wafanyakazi ukaanza kazi mwaka 2015; waajiri huchangia mfuko mmoja, na aliyelemazwa vibaya anaweza kulipwa pensheni kila mwezi. Hata mwajiri akibadili jina lake usiku, mfuko hauhami. Nao Waingereza, ambao twapenda kuwaiga katika mawigi, mfanyakazi wao hupata mafao ya serikali na bado anaruhusiwa kumshtaki mwajiri mzembe, ambaye amelazimishwa na sheria ya 1969 kuwa na bima. Sisi tulichukua kizuizi cha Afrika Kusini tukaiacha nyongeza yake, tukauacha mfuko, na bima tukaikabidhi kwa uaminifu wa kila mwajiri. Tulichagua kwa uangalifu mkubwa yale tu yanayomfaa mwenye kiwanda.

Ndugu zangu waumini, nanyi mna neno katika jambo hili. Torati ilimwagiza anayejenga nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka dari yake, ili asije mtu akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba hiyo. Nionyesheni sheria ya kinga ya mashine iliyo wazi kuliko hiyo. Na pale Torati inapozungumza juu ya ng'ombe mpiga pembe, inamtofautisha mwenye ng'ombe ambaye hakujua na yule aliyeonywa kwamba ng'ombe wake ana tabia hiyo, asimfunge. Huyu wa pili hatendewi kama wa kwanza. Tofauti hiyo waliijua wachungaji wa mifugo jangwani, lakini kifungu cha 16 hakiijui.

Tena Kanisa si mtazamaji tu. Kanisa ni mwajiri. Lina hospitali zenye mashine kubwa za kufulia, vyuo vya ufundi vyenye misumeno ya mviringo, viwanda vya kuchapisha vitabu, mashamba, vinu vya unga. Nimewahi kuingia katika karakana ya useremala ya taasisi moja ya kidini nikakuta msumeno uko wazi, umezungukwa na vijana wa miaka 17, na ukutani juu yake picha ya Mtakatifu Yusufu. Anayetaka kuwahubiria wenye viwanda na aanze kwa kuipitia karakana yake mwenyewe wiki hii. Aulize kinga iko wapi, bima imelipwa mpaka lini, na kamati ya usalama ilikutana lini mara ya mwisho.

Kisha kamati zetu za haki na amani ziwe karibu na aliyeumia tangu siku ya kwanza, kabla ya ile karatasi ya Kiingereza kuletwa. Atoe taarifa kwa mwajiri mara moja, na ibaki nakala. Mashine ipigwe picha kabla haijatengenezwa, kwa maana hutengenezwa haraka sana baada ya ajali! Majina ya walioshuhudia yaandikwe wangali wanathubutu kusema. Kadi ya kazi, karatasi za malipo, hata ujumbe wa simu unaoonyesha malipo ya wiki, vyote vitunzwe, kwa kuwa kibarua huambiwa baadaye kwamba hakuwahi kuwa mfanyakazi. Fomu ifuatiliwe mpaka ofisi ya usalama kazini ya kaunti, isiachwe mikononi mwa kampuni. Na tarehe ya miezi 12 iandikwe kwenye kalenda ya parokia kama zinavyoandikwa tarehe za ubatizo. Asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi ana siku 60 za kupinga. Na kukubali shilingi 20,000 hakumfungi mtu mdomo, kwani mafao haya hayawezi kuuzwa kwa sahihi.

Kwa upande wa Bunge, sitaki tuombe kila kitu halafu tupewe maneno. Tuombe mambo matatu. La kwanza, pale itakapothibitishwa kwamba mwajiri aliondoa kinga, au alionywa juu ya hatari akanyamaza, mfanyakazi aruhusiwe kudai zaidi ya ile hesabu ya miezi 96, ama mbele ya Mkurugenzi ama mahakamani, na nyongeza hiyo itoke katika mfuko wa mwajiri mwenyewe, bima isimbebee. Hili ndilo kubwa. La pili, makadirio ya Mkurugenzi ambayo hayakupingwa yawe na nguvu ya hukumu baada ya zile siku 90. La tatu, uundwe mfuko mmoja wa kumlipa yule ambaye mwajiri wake hakuwa na bima, na mfuko ndio umwandame mdaiwa.

Watasema wawekezaji watakimbia. Walisema hivyo pia mwaka 1991, kabla ya kifungu cha 2A kuondolewa katika Katiba, kwamba vyama vingi vitaleta ghasia na kuwafukuza wenye mitaji. Ibara ya 41 ya Katiba ya 2010 inampa kila mfanyakazi haki ya mazingira ya kazi yanayofaa, na mwezi wa Juni 2022 mkutano mkuu wa Shirika la Kazi Duniani uliuweka usalama na afya kazini miongoni mwa haki za msingi ambazo kila nchi mwanachama inapaswa kuziheshimu. Mwekezaji anayekimbia kwa sababu ameambiwa arudishe skrubu sita, tumfungulie lango.

Ibara ya 119 ya Katiba hiyo hiyo inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni. Rasimu ya ombi hilo imekwisha kuandikwa kwa Kiswahili, nayo ina kurasa tatu. Kamati za parokia na vikundi vya wanaharakati vitakavyokusanya sahihi vikumbuke kuacha nafasi ya alama ya dole gumba, na kando yake nafasi nyingine, kwa wale ambao hawanalo tena.